Umesahau Miguu, Mwalimu: Maneno ya Arobaini ya Afande

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wazee wangu wa huku kwetu, mwadila.

Mashekhe mliotusomea khitma, mwenyekiti wa mtaa, majirani wa Isevya na wa Ng'ambo, watoto na wajukuu wa marehemu, na ninyi wastaafu wa jeshi mliokaa pale mbele mmenyooka kama mko paredi. Afande angekuwepo angewaambia "mguu pande", mkapumua. Mama yetu yupo ndani, anatimiza eda. Ananisikia kupitia dirisha lile, na jana jioni alinituma neno moja: "Mwalimu, usimpambe." Basi sitampamba.

Nimepewa dakika 15. Nimefundisha shule ya msingi miaka 36, historia na Kiswahili, na mwalimu wa historia ukimpa dakika 15 umemwonea. Mtanivumilia.

Nianze na nyundo. Mliokuwepo siku ya mazishi mnajua. Tunarudi makaburini, tunamkuta mtani wetu Mzaramo ameketi kwenye kigoda cha marehemu chini ya mwembe, aproni ya ngozi kiunoni, nyundo mkononi, ule mguu wa chuma wa kugongelea viatu ameupakata. Anaita wapita njia: "Leteni viatu! Afande amesafiri, ofisi kaniachia mimi. Leo hakuna njoo kesho!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Alidai shilingi 20,000 na jogoo ndipo aiachie nyundo. Alitoka na 5,000 na soda, akalalamika mpaka kona ya barabara kwamba Wanyamwezi ni wachoyo hata msibani.

Utani huo haukutoka hewani. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, karibu kilomita 800, mzigo begani, kwa miezi. Walipita kwenye nchi za watu, wakala chumvi yao, wakaugua kwao, wengine wakazikwa kwao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo kila kitu kilichoingia au kutoka mji huu kilitembea. Utani wetu na watu wa njia ile ni utani wa miguu, na mimi nimesimama hapa kuzungumzia miguu, kwa sababu marehemu aliniambia niliisahau.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1994 nafundisha Darasa la Saba, nikafika kwenye vita vya Kagera. Niliifundisha kama inavyofundishwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka na kuiteka ardhi yetu mpaka mto Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Januari 1979 tupo Mutukula, Februari Masaka, Machi Lukaya, Aprili 11 Kampala. Nikachora ramani ubaoni, na mishale ya chaki nyekundu. Mishale yangu ilikuwa mizuri kwelikweli.

Jioni nikapita kwa Afande kuchukua kiatu changu. Hakikuwa tayari. Nikaona nimsimulie somo langu, yeye aliyekuwemo, nikitegemea sifa. Akasikiliza mpaka mwisho huku anapaka uzi nta. Akauliza, "Hiyo mishale inakwenda na nini?"

Nikamwambia, hilo ni jeshi, linasonga mbele.

"Linasonga na nini?"

Nikanyamaza.

"Umesahau miguu, Mwalimu. Mnaandika vita kama vile watu walipaa."

Nikamwalika darasani wiki iliyofuata. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kamba ya katani begani. Watoto walitaka bunduki. Hakugusia bunduki hata kidogo. Aliwatoa nje, akapima mita 100 kwa ile kamba, akaamuru kila mmoja azitembee na kuhesabu hatua zake. Wafupi walipata 150 na zaidi, warefu 130 na kitu. Akasema tuchukue 130, hiyo ndiyo ya mtu mzima aliyebeba mzigo. Kwa kilomita moja ni 1,300. Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. "Pigeni hesabu." Wakapiga, wakapata 260,000, wakaguna. Akasema, "Hizo ni kama barabara ni kavu na hakuna anayekutupia mzinga."

Kisha akawaambia wakae chini wanyooshe miguu. Akapita mstari kwa mstari kama anakagua gwaride. Watoto 46, wenye viatu 19. Hakusema neno, akaondoka. Jumatatu nikamkuta mlangoni kwangu na furushi la maboksi yaliyokatwakatwa na penseli ya seremala. Akawaita wale 27 mmoja mmoja, kila mtoto akakanyaga kipande cha boksi, akamchora mguu kuuzunguka, akaandika jina. Mpaka muhula unafungwa wote 27 walikuwa na katambuga, viatu vya tairi. Wazazi wachache walilipa fedha. Wengine walileta maembe, na maembe Tabora, kama mnavyojua, si malipo, ni kumpunguzia mtu takataka uani.

Sasa nirudi mwanzo, maana nimeanza katikati.

Alizaliwa mwaka 1943 upande wa Sikonge, baba yake hayupo. Baba yake alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, na alipelekwa vitani Bama, yaani Burma. Wale ndio walioingia bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, matope mpaka magotini, na ilipofika Desemba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikafika mji uitwao Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wazee wa hapa jina la Kalewa si geni kwenu. Ndilo ililopewa kambi ya jeshi ya Tabora zama za mkoloni. Baba yake Afande alirudi na koti zito la jeshi na vidole tisa vya miguu. Buti hakurudi nazo. Kwa hiyo Afande alikua akijua kwamba viatu ni kitu cha jeshi, na kwamba jeshi linaweza kula kidole.

Yeye mwenyewe hakuvaa kiatu mpaka umri wa miaka 22. Hilo alilisema bila aibu na bila majivuno, kama mtu anayekutajia tarehe. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, kwanza Dar es Salaam kwenye kambi ya Colito, na siku ya pili hapa kwetu Kalewa. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka uleule likazaliwa Jeshi la Wananchi. Vijana wakaitwa. Mwaka 1965 yeye akatoka Sikonge kwa miguu, kama kilomita 70, siku mbili, peku, akajiandikisha.

Stoo wakamtazama miguu wakacheka. Alikuwa anavaa namba 11, na kubwa iliyokuwepo ilikuwa 9. Akaambiwa, kuruti, mguu utazoea. Usiku akazijaza zile buti maharage, akamimina maji, akazifunga kamba kwa nguvu. Maharage yakaumuka usiku kucha yakaitanua ngozi. Asubuhi kwenye kwata buti zinanuka maharage, lakini miguu imeingia. Fundi mzee wa pale kambini, aliyekuwa anashona mikanda na buti za kikosi, alipolisikia jambo hilo akamwita, akamwambia mtu anayejua kuibembeleza ngozi namna hiyo asiachwe akapotea. Kila Jumapili baada ya hapo alikuwa kwa yule mzee. Alijifunza kushika msharasi, ule wa kutobolea ngozi, kabla hajajifunza kulenga shabaha, na hapo naamini alikuwa anatania, ila nanyi mlimjua, uso wake ulikuwa hausemi.

Vita vilipotokea alikuwa sajini, miaka 35, mke na watoto wawili. Alipanda treni pale stesheni yetu kwenda Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Mama yetu anakumbuka kwamba alichorudia nyumbani kukichukua dakika ya mwisho, treni inapiga honi, ni donge la nta. Nta ya nyuki wa Tabora, kubwa kama ngumi ya mtoto. Uzi wa katani bila nta hauna maisha. Ukipakwa nta hauozi upesi, hauingizi maji kirahisi, na shimo la sindano linajifunga lenyewe.

Na kule kulikuwa na maji. Mvua za Kagera yeye alizieleza kuliko alivyoeleza mizinga. Daraja la Kyaka jeshi la Amin lilikuwa limelivunja, na wahandisi wetu wakalaza daraja la chuma la kuunganisha. Askari wakavuka. Wiki nzima buti hazikauki. Ukivua soksi, alisema, ngozi inatoka nayo, nyeupe kama ya kuku aliyechemshwa. Usiku, wengine wakilala, yeye anashona buti za wenzake gizani, kwa kupapasa, bila kuwasha hata njiti ya kiberiti, kwa sababu njiti moja inaweza kukuletea kombora. Donge la nta aliliweka kwapani lisigande. Sijui ni buti ngapi. Nilipomuuliza alisema, "Zilizofika."

Alikuwepo kijana mmoja wa mgambo kutoka Urambo, miaka 19. Wengi wa waliokwenda walikuwa mgambo, watoto wa wakulima wa tumbaku na pamba waliofundishwa haraka haraka. Kijana huyo alipewa buti za mguu wa mtu mwingine kabisa. Mpaka wanakaribia Masaka vidole vimevimba, kucha zimeanguka. Afande alichukua singe, akazikata buti zile kwa mbele, vidole vikatoka nje vikapumua. Kuharibu mali ya jeshi ni kosa, alilijua, akalifanya. Akamwambia kijana: "Tukirudi Tabora nitakushonea kiatu cha kukutosha, uoe nacho."

Masaka iliangukia mikononi mwetu Februari 24. Machi 10 wakawa Lukaya, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi, Brigedi ya 201 mbele, na upande wa pili jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa kumsaidia. Jioni ile safu yetu ilivunjika kwanza. Hilo halifichwi. Maroketi yalikuwa makali, na wengi walikuwa hawajawahi kuyasikia. Usiku Brigedi yetu ya 208 ikazunguka, na alfajiri ya tarehe 11 mambo yakageuka. Mimi mwalimu wa historia hapo ndipo ninapotaka kujua zaidi. Nilimuuliza kwa miaka 30. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Kijana hakufika Kampala." Kisha anachukua nyundo.

Vya baada ya hapo nitavipita upesi, kwa sababu na yeye alivipita upesi. Alirudi na goti bovu. Akastaafu mwaka 1982. Kiinua mgongo chake kilimchukua miaka kukipata. Faili linaonekana ofisi hii, barua inapotea ofisi ile, mpaka mwenyewe akawa anasema faili lake limetembea kuliko yeye. Lilipotulia akanunua mabati ya kibanda, na kigoda kile.

Hapa vijana nisikilizeni, maana hamkuuona wakati ule. Baada ya vita Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mkanda miezi 18. Tulifunga, ikapita, tukaendelea kufunga. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, khanga kwa kibali. Na viatu! Ukisikia dukani zimeingia jozi za Bora unatoka darasani mbio, unafika, imebaki namba ya mtoto mchanga na ya mguu wa kushoto peke yake. Wakati huohuo Morogoro kulijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikubwa, mashine za kisasa, cha kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu sababu zake. Afande maelezo yake yalikuwa mafupi: "Walipima miguu ya Ulaya."

Yeye alianza na tairi. Si kila tairi, hili alilisisitiza kwa kila kijana aliyepita kujifunza pale. Tairi lenye waya ndani litakukata mikono na litamchoma mvaaji. Unataka tairi la nyuzi, kuukuu, la lori, lililokwisha meno. Barabara ya Urambo na malori ya tumbaku vilimpa mengi. Kisu anakinoa kwenye jiwe, anakichovya kwenye kopo la maji, anakata pande moja kwa mkato mmoja mrefu, anachovya tena. Kisu kikavu kwenye mpira kinang'ang'ania, kinakurudia wewe. Mikanda anaipitisha kwenye matobo ubavuni, si kwa kugongelea misumari juu juu, kwa sababu msumari utakuja juu siku moja, na siku hiyo mtoto yupo njiani kutoka kisimani. Nilikaa pale jioni nyingi. Harufu ya mpira uliolowa na nta ni harufu ninayoijua kuliko ya chaki.

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, vijana wa msako walimkuta na matairi 11 nyuma ya nyumba. Wakataka maelezo ya biashara ya matairi. Akawaambia wavue viatu. Wawili kati ya wanne walikuwa wamevaa katambuga zake.

Nimeahidi kutompamba. Alikuwa mkali. Alikuwa na lile neno la mafundi wote wa nchi hii, njoo kesho, pamoja na jeshi lake lote na saa yake ya mkononi. Kiatu changu kimoja kilikaa kwake tangu Ramadhani mpaka Maulidi. Na alikuwa anatuaibisha. Ukimpelekea kiatu chako akipige kiwi au akibadilishe soli, anakitazama, anakutazama, anauliza, "Watoto wako wamevaa nini?" Kama anajua wapo peku, anakurudishia kiatu chako: lete kwanza mguu wa mtoto. Wapo waliokasirika, wakahamia kwa fundi wa sokoni. Mmoja wao ni mimi, mwaka 1988. Nilikaa miezi minne sipiti pale. Siku niliyorudi na binti yangu hakuniambia kitu, alimwekea boksi chini akanyage.

Mtoto wake mkubwa yupo hapa, ameniruhusu niseme na hili. Ilipokuja ruksa ya Mzee Mwinyi, na mitumba ikaanza kumiminika, kijana huyu alipata mtaji, akafungua belo la viatu vya mitumba. Akapanga viatu vyake wapi? Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha baba yake. Katambuga zikalala. Baba na mwana wakatazamana kuvuka barabara miaka sita bila kusalimiana, mama anapeleka uji huku na kule. Sisi majirani tulijaribu, mashekhe walijaribu. Kilichowapatanisha ni kiatu cheusi cha kamba, cha mtumba, ambacho mteja alinunua kwa mwana asubuhi na mchana akakileta kwa baba soli imefumua mdomo. Afande akanyanyuka na goti lake bovu, akavuka barabara, akakiweka mbele ya mwanawe. "Hiki kimebandikwa gundi tu. Unawauzia watu kitu kinachocheka. Lete vyote nivishone kabla hujavipanga." Tangu siku ile hakuna kiatu kilichouzwa ng'ambo ile bila kupita kwenye sindano ya ng'ambo hii, na ndiyo sababu watu wanatoka mpaka Kiloleni kuja kununua viatu hapa. Samahani waliyoombana siku ile hatukuisikia. Hatukuihitaji.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Nilimtupia msemo huo siku moja, akanijibu palepale: "Na mkaaji anakula ya mwenzake." Nimeufundisha hivyo kwa miaka yangu iliyobaki, wakaguzi wa shule wanisamehe.

Jambo moja zaidi. Miaka michache iliyopita, mwezi Julai, wakati wa kumbukumbu ya mashujaa, alimwomba mjukuu wake ampeleke Kagera. Umri ule, goti lile. Walikwenda mpaka Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya askari wa vita ile. Mjukuu ananiambia walipofika langoni babu alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia peku. Kulikuwa na jua. Alizunguka kati ya mistari ya makaburi karibu saa nzima, anasimama, anasoma, anasogea. Mjukuu alimfuata na chupa ya maji, akaogopa kumuuliza. Kwenye basi la kurudi, wamekwisha kupita Biharamulo, mzee akasema neno moja. "Nimemkuta." Akalala mpaka Kahama.

Basi nifike kwenye shughuli yenyewe niliyotumwa na familia.

Walipofungua kibanda baada ya mazishi walikuta, juu ya dari ya mabati, mafurushi ya vipande vya boksi yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni miguu. Miguu yetu. Kila mguu aliouchora tangu 1983 hakuutupa. Kwenye boksi za sabuni, za chai, za sigara, boksi za vitabu nadhani nilizompa mimi. Kila kimoja kina jina na mwaka kwa penseli, mwandiko wa sajini, herufi zimesimama. Wapo watoto wangu 27 wa mwaka 1994. Yupo diwani wa zamani akiwa darasa la pili. Yupo binti yangu, kisigino kimechorwa mara mbili kwa sababu alitikisika. Wapo watu tuliokwisha kuwazika. Jana usiku tulivipanga mkekani, kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na mjukuu mdogo akaanza kukanyaga kimoja kimoja kutafuta wa kumtosha. Hakuna aliyemzuia.

Familia imeamua kila mmoja achukue wa kwake. Ambao wenyewe hawapo, watoto wao wachukue. Visivyo na jina vimewekwa kando, unaruhusiwa kujaribu mguu.

Kimoja tu kimetolewa. Kilikuwa chini kabisa, kimefungwa peke yake kwenye kitambaa cha kijani. Si boksi la sabuni. Ni kipande cha boksi la biskuti za jeshi, kimelowa na kukauka mara nyingi, kingo zimeliwa. Mguu mmoja, wa kulia, mrefu, vidole vimetanuka. Hakina jina. Kina neno Masaka, na alama ya duara la nta pale alipoweka donge lake. Hicho kimebaki kwa mama, ndani, msikiulizie.

Vingine vyote vipo mkekani, chumba cha mbele. Kina mama wapite mlango wa uani, kina baba mlango huu. Wale wastaafu waanze, wasimame taratibu, hakuna anayewapigia filimbi. Na pilau imekwisha kuiva, naona wapishi wananikodolea macho tangu nilipoanza habari za Lukaya. Sheikh, karibu utuombee dua tufungue sufuria.